Siku Kabati Alipookoa

"Vidole vingapi?" daktari wa timu aliuliza, amepiga magoti kwenye nyasi.

Kabati alikuwa amelala chali, anautazama mkono ulioning'inia juu ya uso wake. Nyuma ya bega la daktari, kipa alikuwa anakunywa maji, na vidole vyake vitatu vilinyooka chini ya chupa.

"Vitatu."

"Leo siku gani?"

Kipa akajifuta mdomo, na nyuma ya kiganja akanong'ona, "Jumapili."

"Jumapili," alisema Kabati, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto.

Daktari hakuwa mjinga wala kiziwi, na kipa alikuwa hatua moja tu nyuma yake. Lakini kocha alikuwa anamtolea macho kutoka benchi, na daktari naye ana watoto wanaokula. Akainua dole gumba. Kabati akanyanyuliwa, uwanja ukampigia makofi, na kipindi cha kwanza kikaendelea kama hakuna lililotokea.

Tuseme ukweli, kile kichwa kilikuwa kimekwisha. Kwa misimu kumi na sita Kabati, beki wa kati ambaye alipewa jina hilo kwa ajili ya mabega yake, alikuwa amekipeleka mahali ambapo watu wenye akili zao hupeleka mguu. Kona, krosi, mipira mirefu ya makipa wavivu, yote ilikuwa yake. Mashabiki walimpenda kwa hilo. Hawakujua kwamba tangu mwaka uliopita alikuwa anasimama katikati ya jikoni na kumuuliza mkewe yeye mwenyewe alikuwa ameingia kuchukua nini. Mwanzoni mke alicheka. Siku alipomkuta bafuni na kiatu kimoja mguuni, anamwita mama yake ambaye walimzika wote wawili, hakucheka tena.

"Acha mpira, baba watoto," alimwambia. "Nakuomba."

"Msimu mmoja tu, mama watoto. Halafu nitakaa nyumbani mpaka unichoke."

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Katibu wa klabu alishasema bila kuzunguka: timu ikibaki ligi kuu, Kabati anapata msimu mmoja, ikishuka daraja, wazee wote wanafungasha virago. Kabati hakujua kazi nyingine wala hakutaka kuijua. Ndipo alipomwendea kipa, aliyemuoa dada yake, wakapanga hayo ya vidole na siku. Shemeji hakuhitaji kubembelezwa. Miaka yote alikuwa anasifiwa kwa mipira michache aliyodaka, na alijua fika mingine ilikuwa inaishia kwenye paji la uso la nani.

Siku hiyo, mechi ya mwisho ya msimu, walihitaji ushindi. Sare ilikuwa inawashusha. Dakika ya themanini na tisa ilifika bado ni sifuri kwa sifuri. Kabati alikuwa anacheza kwa mazoea, mwili unafanya kazi wakati mwenyewe hayupo. Kisha timu yake ikapata kona, na kocha akapunga mikono yote miwili: wote mbele. Kabati akapanda, kama mabeki warefu wanavyopanda, akasimama karibu na nguzo ya goli la wapinzani.

Mpira ulipokuja aliruka. Kiwiko cha mtu kikamkuta juu ya sikio, akaanguka ndani ya goli, na kuinuka haraka kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuanguka. Aliona nyavu nyuma yake. Mbele yake, miguu imejaa, kipa kalala chini, na mpira unabingirika kuelekea mstarini, hauna wa kuuzuia. Hali hiyo alishaiona mara elfu. Akajitupa mzima mzima, akaukwangua kwa ncha ya kiatu ukiwa umebakiza kidogo sana kuvuka, akasimama na kuupiga juu kabisa, mpaka jukwaani. Halafu akanyoosha mikono na kuwaamuru wenzake, "Tokeni! Pandeni juu, tokeni!"

Upande mmoja wa uwanja mtu akaanza kucheka. Kipa wa wapinzani, bado amelala palepale, alimtazama kutoka chini, akampa mkono. Kabati akaupokea.

Mechi ilipoisha sifuri kwa sifuri, katika chumba cha kubadilishia nguo alifungua kamba za viatu huku anasubiri pongezi.

"Ile ya mstarini mliiona?" aliuliza hatimaye.

Mshambuliaji aliyepiga ule mpira alimtemea mate miguuni. Ndipo Kabati alipotazama huku na huku, akaona wanaume wazima wanalia, na jambo lenyewe likaanza kumwingia kidogokidogo. Alitamani lisimalizike kuingia.

Katibu aliwaita ofisini watatu: yeye, kipa na daktari.

"Nani kakununua?"

"Hakuna, mzee. Nilidhani ni goli letu. Kichwa changu hakiko sawa, tangu mwaka jana. Shemeji anajua yote." Akamgeukia kipa. "Mwambie, shemeji."

Kipa alikuwa anachambua uzi uliofumuka kwenye glavu yake. "Mimi nilikuwa golini kwangu, uwanja mzima katikati yetu," alisema. "Sijui lolote."

"Nilimpima," daktari alisema. "Alijibu maswali yote."

Katibu alisukuma karatasi mezani. Klabu iliyoshushwa na msaliti huonewa huruma. Klabu iliyomchezesha mgonjwa huulizwa maswali, naye katibu hakupenda maswali.

"Sema uliuza mechi, utafungiwa miaka miwili. Sema ni kichwa, na hakuna daktari popote atakayekuruhusu kugusa mpira tena. Chagua mwenyewe, sikulazimishi."

Kabati alijumlisha, kwa shida. Thelathini na nne, na miwili. Mabeki wa umri huo wapo, aliwahi kucheza nao.

"Miaka miwili inapita," alisema.

"Inapita kabisa," katibu alisema, akampa kalamu.

Alisaini taratibu, jina lake lote. Kipa alikuwa anatazama dari, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mdomo hakuufungua.

Walipoachiliwa, daktari na shemeji walitangulia haraka bila kugeuka. Korido ilikuwa na milango miwili, mmoja kila mwisho. Upande mmoja kulikuwa kimya. Nyuma ya mlango wa pili watu walikuwa wengi, wanagonga mabati ya uzio kwa mawe na kuita kwa pamoja, "Kabati! Kabati! Kabati!"

Alisimama katikati na begi lake, anasikiliza. Polepole uso wake ukakunjuka, kama wa mshindi anayeitwa na mashabiki wake. Akaweka kola vizuri, akafuta vumbi kwenye mkono wa fulana, akauendea mlango wenye kelele.