Mzigo Mwepesi

Kitendawili. Semeni tega, wajukuu zangu. Kuna mzigo, kadiri unavyopungua uzito ndivyo unavyozidi kuua. Mzigo gani huo? Mkishindwa mtanipa mji, ila msinipe sasa. Kwanza sikilizeni ya Vilimaina na binti yake Losena.

Siku hiyo walikuwa dukani kwa Jagdish, mjini Labasa, kule visiwani, na Vilimaina alikumbatia kipochi chake kama mtoto mwenye homa. Nje upepo ulikuwa umeanza kuchokonoa mabati. Redio ya dukani ilisema kimbunga kiko baharini upande wa kaskazini, bado hakijulikani kitaelekea wapi, na tangu aliposikia hivyo hakuacha kuutazama mlango. Lakini wiki inayofuata Losena alikuwa anaanza masomo ya ualimu, masomo ya kusomea nyumbani kwa mtandao, na asiye na kompyuta nafasi yake anapewa mwingine. Kununua ilikuwa lazima, na lori la kijijini lilikuwa linaondoka mchana huo huo.

Juu ya kaunta Jagdish alikuwa amewapangia. Kulikuwa na kompyuta ya mezani, sanduku zito lenye kioo chake na nyaya kama matumbo ya kuku, na pembeni laptopu nyembamba, inang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

"Hiyo ya mezani," alisema Vilimaina.

"Mama, umeme ukikatika?" Losena akamgeukia. "Kwetu umeme unakatika hata mbuzi akikohoa."

"Utasubiri urudi. Mimi nimesubiri mangapi?"

"Mwalimu wa mtandaoni hasubiri, mama."

Jagdish, mtu wa maneno mengi na subira nyingi, aligonga sanduku kwa kidole. "Kwa hii mama hajakosea. Bei yake nafuu, na ikiharibika nafungua, natoa kibovu, naweka kizima. Memori ikiwa ndogo naongeza. Ila feni yake inavuta hewa ya bahari, na chumvi itakula mle ndani polepole. Na ukitaka betri ya kuishikilia umeme ukienda, ile nafuu yote imekwisha."

"Na hii?" Losena aliuliza, macho yakiwa kwa ile inayong'aa.

"Hiyo ina betri yake. Lakini memori wameichomelea kwenye ubao. Ulivyoinunua ndivyo utakavyoizika. Kila wanapopunguza unene wanamfungia fundi mlango, halafu wanakutoza kwa huo wembamba."

"Unasikia?" Vilimaina alimwambia binti yake.

"Mama msikilizaji mzuri," Jagdish alicheka. Akainama, akatoa laptopu nyingine chini ya kaunta, nene kama kipande cha mkate, ina skrubu mgongoni. "Hii sura hana, lakini anafunguka. Bei iko katikati. Mimi mke wangu nilimchagua hivyo hivyo."

"Akikusikia?" Losena aliuliza.

"Yuko Nadi kwa dada yake. Leo nasema yote."

Losena alicheka. Vilimaina hakucheka, maana bati mahali fulani lilikuwa limeng'oka likaburutika barabarani.

"Ya kubebeka itaombwa," alisema. "Ndugu yetu Apakuki atakuja na kerekere yake, lile ombi lisilokataliwa, na mimi nitamnyima kwa mdomo upi? Ndugu akiomba, unatoa. Alishaomba birika. Kaomba baiskeli."

"Mwaka jana kaomba mbwa," Losena aliongeza. "Mbwa mwenyewe siku hizi akituona anatubwekea."

"Basi. La mezani hataliomba. Nani atabeba nyaya zile kilima kizima?"

Ilikuwa kweli, wajukuu zangu, lakini kuna kweli ya kufunikia nyingine.

Ndipo Losena alipoinyanyua ile nene kwa mkono mmoja. "Mbona hata hii nyepesi, mama. Kimbunga kikija naikwapua mara moja tu, twende."

Nyepesi. Mara moja tu. Maneno hayo Vilimaina aliyasikia mlangoni mwa kanisa la kilimani, siku ya kimbunga kingine, Losena akiwa na miaka saba amemlalia begani, na mumewe Semisi akishuka tena kuelekea nyumba iliyo ufukweni. Wimbi lilipanda. Semisi hakupanda. Toka hapo mtoto akawa anauliza, "Mama, baba alirudi kuchukua nini?" na yeye anamsogezea sahani ya magimbi, anajibu, "Kula dalo lako." Mtoto akakua na swali lake, na dalo likaliwa.

"Weka chini," alisema sasa.

Losena aliiweka, lakini safari hii hakufanya mzaha. "Mama, fikiri. Lile sanduku haliendi kanisani nasi. Litabaki nyumbani, na masomo yangu yote yamo ndani. Unadhani nitakaa kilimani nimetulia? La kubaki ndilo nitakalolirudia."

Hilo Vilimaina hakuwa amelifikiria. Miaka yote aliogopa chepesi, na kumbe hata kizito kina kamba yake.

Redio ikakatiza. Kimbunga kimegeuka, kinakuja. Jagdish akachukua nyundo na mbao za madirisha. "Mama, amua, naomba."

"Hiyo yenye skrubu," alisema Vilimaina, akafungua kipochi.

Jagdish aliijaribu haraka haraka, ikawaka, akaitia kwenye mfuko aliobeba Losena, mama na binti wakakimbia wakiwa wameinama. Lori lilikuwa ng'ambo ya barabara, injini inanguruma, watu wamejibana chini ya turubai. Walipanda. Mvua sasa ilikuwa inakuja kwa ubavu. Losena akafungua mfuko kuhakikisha, akapapasa, akapapasa tena.

"Chaja," alisema. "Imebaki kwenye kaunta. Jagdish alipomaliza kujaribu hakuichomoa."

Mlango wa Jagdish ulionekana, nusu umepigwa mbao, nusu wazi. Kati yake na lori bati lilipita linazunguka hewani kama jani, likakata waya wa umeme, waya ukaanguka ukirusha cheche majini.

Losena alikuwa ameshaweka mguu mmoja nje. "Ni chaja tu, mama. Bila hiyo tumenunua sinia. Nyepesi, nakwenda mara moja."

Vilimaina alimkamata mkono kwa mikono yote miwili, akamvuta ndani hadi wote wawili wakaanguka juu ya magunia ya unga. Lori likaondoka. Losena alijaribu kujinasua, kisha akauona uso wa mama yake, akaacha.

"Mama, una nini? Unaniumiza."

Vilimaina hakuachia.

"Redio," alisema. "Baba yako alirudi kuchukua redio ya mkononi. Alisema ni nyepesi."