Nguzo Iliyokwenda Kanisani

Jumapili asubuhi Haji Gani Salampessy, mkuu wa kijiji cha Waeputih, alikuwa anakula mkate wa unga wa sagu na samaki wa kuchoma alipoambiwa kwamba nguzo moja ya msikiti imeondoka. Alimaliza samaki kwanza.

Nguzo za msikiti zilikatwa na kubebwa na Wakristo wa Hulaman, kijiji cha ng'ambo ya mto, enzi za babu zao. Ndiyo desturi: Hulaman huleta miti ya msikiti, Waeputih huezeka kanisa, maana vijiji hivyo viliapiana undugu wa tumbo moja. Kisha vikaja vita vya dini. Hulaman ikachomwa, watu wake wakakimbilia mlimani, mikarafuu yao ikapata wachumaji wengine.

Nguzo ilikuwa ng'ambo ya mto, imesimama wima katika magofu ya kanisa, imelowa umande. Kando yake alikaa Mama Welmince, mjane aliyeteremka mlimani kuja kusali.

"Imekuja yenyewe," alisema. "Msije mkasema nimeiba."

"Uibebe kwa mgongo huo?" Haji Gani aliketi. "Inaimba?"

"Inasikiliza tu. Afadhali yake, marehemu mume wangu alikuwa anakoroma."

Haji alicheka. Mama hakucheka.

"Kaka, nataka kurudi kwangu. Nife kwenye kiwanja changu, nizikwe penye mikarafuu yangu. Neno lako tu."

Haji alitazama mto. Aliyekuwa akichuma mikarafuu hiyo ni mwanawe.

"Hilo linataka kikao, dada."

"Mbona nguzo yenu haikungoja kikao?"

Jioni nguzo ilirudi mahali pake; Jumapili ya pili ikaondoka tena. Kikao kilikaa. Imamu alisema mti hauna dhambi, kwa hiyo kuuegemea hakuharibu sala. Waliafikiana kwamba kila Jumapili paa litegemezwe kwa mianzi. Wageni walikuja kutoka mjini, wakaipiga nguzo picha, wakahutubia juu ya upatanifu wa dini, wakala, wakaondoka. Suala la kiwanja lilisogezwa hadi kikao kingine, nacho kikalisogeza mbele.

Mama Welmince alifia mlimani, akazikwa katika ardhi ya kuazima. Jumapili iliyofuata nguzo ilitoka kama kawaida. Mwana wa Haji alikuwa ameanika karafuu njiani. Alivuta jamvi kando, ikapita.