Mgeuzaji wa Pili

Mvinyo ulikuwa na ukungu, na Remei hakuelewa kwa nini.

Tangu mumewe Isidre azikwe, alikuwa akishuka ghalani chini ya nyumba kila asubuhi kumalizia kazi ya marehemu. Chupa zilikuwa zimechomekwa kwenye mbao za matundu, shingo chini, kila kitako na alama ya chokaa. Unaigeuza chupa kidogo kulia, mara moja kwa siku, basi, ili mashapo ya chachu yateremke taratibu mpaka kwenye kizibo. Ukizidisha yanatibuka. Huko Penedès, kwenye mashamba ya mizabibu, hata mtoto anajua hilo.

Na huu haukuwa mvinyo wa kuchezea. Ndio wa mwisho alioujaza Isidre kwa mikono yake, akautia sukari na chachu, akaufunga uchachuke tena humo humo, mapovu yazaliwe ndani ya chupa ile ile itakayofika mezani. Wanaochachusha kwenye matangi aliwaita watengeneza soda.

“Mama, unazigeuza mara mbili,” alisema binti yake Mireia, akiinua chupa kwenye taa. “Unasahau.”

“Nisahau mimi? Jana nilikula dengu, juzi supu. Nikutajie na za wiki iliyopita?”

“Mvinyo usipotakata kufikia sikukuu ya Sant Martí, Novemba, tunafunga ghala, unakuja kwangu Barcelona. Mimi sikuachi hapa peke yako.”

“Barcelona nikafanye nini? Nihesabu pikipiki?”

Alijibu kwa ukali kwa sababu aliogopa. Kweli alama alizikuta kila siku zimesogea kupita pale alipoziacha. Labda akili ilikuwa imeanza kumtoka.

Kesho yake hakugusa chupa hata moja. Baada ya chakula cha mchana, akiwa anaosha sahani, akasikia kutoka chini: tak. Kimya kidogo. Tak. Ni sauti ya kitako cha chupa kikirudi kwenye tundu lake. Isidre hakulala mchana maisha yake yote. Wenzake wakikoroma, yeye alikuwa ghalani. Remei alishuka huku nywele zimemsimama. Hakukuwa na mtu. Alama zote zilikuwa zimesogea hatua moja, sawasawa.

Akaketi kwenye ngazi, kisha hasira ikampanda.

“Wewe mzee! Kumbe ni wewe unayeniharibia kazi, mwanangu ananiona mwehu! Ama ugeuze wewe, ama nigeuze mimi.” Akapangusa macho kwa aproni. “Haya, geuza wewe. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu.”

Hakushuka tena. Kila mchana alifunga bomba la jikoni ili asikie vizuri, na ilikuwa furaha yake ya pekee.

Kabla ya Sant Martí Mireia alikuja, akainua chupa kwenye taa. Mvinyo ulikuwa umetakata kabisa.

“Mama! Umefanyaje?”

“Nilisaidiwa.”

Wakaanza kuzibua. Mireia aling'oa kizibo, mashapo yakaruka nje yakisukumwa na mapovu, Remei akajazia kidogo na kukaza kizibo kipya. Walipoonja ulikuwa mkavu, usio na utamu, wenye harufu ya mkate uliotoka tanurini, na mapovu madogo yasiyoisha. Mireia akalia. “Ni wa baba huu. Basi, mama. Ghala halifungwi.”

Akapanda kupika. Remei akabaki na chupa moja tu isiyozibuliwa, akatazama zile mbao tupu, na hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Hakukuwa na cha kugeuza tena. Kazi ilikuwa imekwisha, na mtu aliyemaliza kazi huenda zake.

Akaishika ile chupa kwa mikono miwili, akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa Penedès angelifanya akiwa na akili zake. Akaitikisa kwa nguvu kama dawa ya kikohozi, mpaka mvinyo wote ukajaa ukungu. Akairudisha kwenye tundu, shingo chini.

“Anza upya, mzee wangu,” alisema. “Na usiwe na haraka.”