Mkanda wa Katikati

Watu wa Lupaso hawakuwa na jina jingine la kumwita Anastasia. Alikuwa Mama Theodora tangu alipojifungua mtoto wake wa pekee, na akabaki Mama Theodora hata baada ya homa ya masika kummaliza Theodora kabla waganga hawajaipa jina. Kisimani aliitwa Mama Theodora, kanisani Mama Theodora, hata muuza dagaa alipopita na baiskeli yake aliita hivyohivyo. Mwanzoni lilimchoma. Siku hizi lilimpitia tu, kama mkono unaokugusa bega nawe umejifunika mablanketi mawili.

Alikuwa akila, akilala, akipalilia. Chai ilikuwa ya moto lakini haikuwa na ladha, akaacha kuhangaika na sukari.

Pikapu yao ya zamani ilikufa injini masika yaleyale, ikaachwa nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kutagia ndani. Ilikuwa ya milango miwili, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Cuthbert, mume wa Theodora, ndiye aliyeendesha. Anastasia alikaa upande wa mlango. Theodora alikaa katikati, fimbo ya gia ikiwa baina ya magoti yake, na mtoto wao Huruma mapajani. Haingewezekana vinginevyo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Theodora alikuwa akijinyoosha kati yao na kusema, "Mimi ndiye mpaka wa Masasi na Newala. Anayetaka kuvuka alipe ushuru." Cuthbert alizaliwa Newala, mama yake mkwe Masasi, na wote wawili walikuwa wakicheka huku kila mmoja akitazama dirisha lake.

Sasa mpaka ulikuwa haupo, na bila gari mambo ya nyumba hayakwenda. Huruma alikuwa akisoma shule ya mbali. Mapipa ya maji, magunia ya korosho, safari za Anastasia kwenda Ndanda kupimwa presha, vyote vilikuwa vikingoja bodaboda. Baada ya mauzo ya kwanza ya korosho, Cuthbert alituma neno kwa mjomba wa nyumba, Yeremia, mdogo wake Anastasia: mama ajiandae, waende wakachague pikapu.

Kutuma neno ndiyo ilikuwa njia. Tangu mazishi, mtu na mkwe wake walikuwa wakiishi uwanja mmoja na kusemezana kwa kupitia Yeremia au mtoto.

Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo Anastasia hakumpa Yeremia alipeleke. Kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Mke akifa, watu wa mume huja siku ya kuondoa tanga wakamchukua kijana wao arudi kwao, na watoto hubaki kwa mama yao. Watu wa Newala walikuwa wameshatuma salamu: mabibo yakiisha, watakuja. Huruma alikuwa amempoteza mama kwenye masika. Akiondoka na baba, atabaki na bibi mwenye presha. Anastasia alitaka Cuthbert akae. Lakini mama mkwe hamwombi mkwe akae; akiomba, amemfunga kamba, na watu watasema amemroga. Basi alinyamaza, akaamua kutazama gari. Gari la milango minne lina kiti cha nyuma, na kiti cha nyuma ni cha mama mkwe. Mtu anayenunua gari la namna hiyo ana nia ya kuishi na mkwe wake. La milango miwili ni la mwanamume anayekwenda zake.

Hivyo ndivyo alivyolipanga kichwani, na akalishika.

*

Masasi walianzia kwa Awadhi, aliyekuwa na magari yake ya kuuza kwenye uwanja ulio chini ya miamba. Pale mbele palikuwa na pikapu ya milango minne, nyeupe, imeng'arishwa mpaka majabali yalionekana kwenye boneti yake.

"Hii ukiipaki kanisani," Awadhi alisema, "mchungaji atasahau mahubiri."

"Mchungaji wetu husahau hata bila gari," Yeremia alijibu.

Anastasia alifungua mlango wa nyuma, akaketi. Aliangalia kitambaa, kimeshonwa upya kwa uzi mweusi usiofanana na wa zamani. Aliangalia mahali pa kuweka miguu: panatosha, hata kapu litakaa. Mbele yake kilikuwa kisogo cha kiti cha dereva. Pazuri pa kuishi na mkwe, mtu na kisogo.

"Yeremia," aliita, "mwambie Baba Huruma hii ina kiti cha nyuma."

Cuthbert alikuwa amesimama hapohapo, nyuma ya tairi.

"Mjomba, mwambie mama nimekiona."

"Amekiona," Yeremia alisema. "Dada, mimi nimekuwa simu siku hizi, tena simu isiyotiwa vocha."

Cuthbert hakucheka. Alikuwa na uso uleule wa tangu masika, uso wa mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza juani. Kwa ndani kilikuwa na utelezi mweupe kama uji. Akakirudisha. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya bodi, akagonga chesisi kwa spana kutoka mbele kwenda nyuma. Iliita vizuri, ngo, ngo, halafu katikati ikatoa sauti iliyokufa, kama nazi iliyooza.

"Imekatika hapa ikaungwa," alisema. "Na injini inakunywa maji."

"Gari gani haijaungwa?" Awadhi alisema. "Hata mimi mguu huu umeungwa Ndanda, na natembea."

"Wewe hubebi mapipa ya maji."

Anastasia alishuka. Alifunga mlango taratibu, maana haikuwa kosa la mlango. Alijua Cuthbert amesema kweli, kwani mlio ule aliusikia mwenyewe. Hata hivyo alitazama mikono yake kama angeikuta imeangusha kitu.

"Kuna moja Newala," Cuthbert alimwambia Yeremia. "Ya Mzee Fortunatus, katekista. Macho yamemchoka, anaiuza. Ni ya milango miwili, lakini naijua."

Newala, tena ya milango miwili. Anastasia alilifunga fundo la kitenge chake, akalifungua, akalifunga tena.

*

Walifika Newala jua likiwa kichwani, upepo wa juu ukivuma na harufu ya mabibo yaliyoanguka ikifika kila mahali. Pikapu ya Mzee Fortunatus ilikuwa chini ya kibanda cha makuti, ya buluu iliyopauka, rangi yenyewe ya kiwandani, na ubavuni ilikuwa na mkwaruzo ambao mzee alieleza kabla hajaulizwa.

"Huo ni mkorosho wa kanisa. Nilirudi nyuma bila kutazama. Nilitubu, mkorosho hautaki kusahau."

Kabla hawajamaliza salamu akaja Rose, dada mkubwa wa Cuthbert, maana nyumba zilikuwa jirani. Alipiga goti mbele ya Anastasia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni na safari. Na asante kwa kututunzia kijana wetu. Nyumba yake tumeshaipiga bati, bado milango tu. Tanga likiondolewa tutakuja kwa heshima zote, hatutakuja kama wezi."

"Karibuni," Anastasia alisema.

Ndilo neno lililokuwepo. Lilitoka lenyewe, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi ulioinama. Cuthbert alikuwa ndani ya kabini na hakuinua kichwa. Kama alisikia, hakuonyesha.

Injini ilikubali kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na moshi. Chesisi iliita ngo mpaka mwisho. Klachi ilikuwa imelainika kwa uzee lakini ilishika, na tairi mbili zilikuwa vipara. Vyote hivyo Cuthbert alivimaliza upesi, kama mtu anayechambua mchele usio na mawe. Halafu akafanya jambo ambalo Anastasia aliliona na hakulielewa.

Alirudi kwenye kiti kirefu, akainama, akatia mkono kwenye ufa ulio kati ya mahali pa kukalia na pa kuegemea, hapo katikati. Aliuzamisha mpaka kiwiko. Akatoa maganda ya korosho, kalamu, na rozari iliyokatika, ambayo Mzee Fortunatus aliipokea na kuibusu. Akazamisha tena. Alikaa hivyo kitambo, shavu limeegemea kitambaa cha kiti, jasho likimtoka, mpaka akavuta kipande cha mkanda kilichokaukiwa na vumbi. Akavuta na kifungo chake kutoka upande wa pili. Akavifuta vyote kwa shati lake alilovaa. Akafunga. Kikalia ta. Akafungua, akafunga tena, akavuta kwa nguvu, kikashika.

"Huo haujatumika miaka," Fortunatus alisema. "Nani akae katikati? Mke wangu husema mahali hapo ni pa mbuzi."

"Unafunga," Cuthbert alisema, kama anajisemea. Akageuka kwa Yeremia. "Mjomba, mwambie mama nimeichukua hii."

"Dada, ameichukua hii."

"Nimesikia," Anastasia alisema.

Akafikiri: katikati atakaa mke mpya. Akalifikiri bila kuumia, kama anavyofikiri mtu kwamba kesho ni Jumatano, akashangaa kidogo kwamba haumii. Walipomaliza kula, mke wa Fortunatus alimfungashia Anastasia ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, kwenye jani la mgomba na kitambaa juu. Alikuwa ameupakata mzigo huo, bado una moto, na moto wake alikuwa akiujua tu, hakuwa akiuhisi.

*

Wakati wa kuondoka ulileta shida yake. Yeremia aliingia katikati kama mjomba anavyopaswa, lakini ni mrefu, na goti lake bovu lilisimama palepale inapopita gia. Cuthbert alijaribu kuingiza gia ya pili, akaingiza goti.

"Baba Huruma, hilo ni langu," Yeremia alisema.

Walijaribu ubavu huu na ule. Rose alicheka, Fortunatus akasema goti hilo likatiwe leseni. Mwisho Yeremia alishuka, akapanda bodi, akaketi juu ya tairi la akiba.

"Nikae katikati, kwani mimi ndiye Theodora?" alisema, kwa mazoea ya utani wake. Halafu akasikia alichosema, akavuta kofia mpaka machoni.

Anastasia alizunguka nyuma. Mahali pake palikuwa bodi pia, hakuna aliyehitaji kumwambia. Alikwisha kuweka mguu juu ya bampa la nyuma aliposikia mlango wa kabini unafunguliwa. Cuthbert alikuwa ameshuka, amefungua mlango wa abiria, kisha akajitenga hatua nyingi, akampa mgongo, akatazama bonde la Ruvuma lililokuwa chini kule na vilima vya Msumbiji. Alikuwa akimpisha, vilevile mtu anavyompisha mkwe njiani.

"Jua kali kule nyuma, mama," alisema kwa lile bonde.

Rose aliacha kucheka.

Anastasia aliingia. Alijibana mlangoni mpaka kitasa kikamchoma mbavu. Cuthbert naye aliporudi alijibana upande wake, na kati yao pakabaki wazi mahali pa mtu mzima, mkanda ukiwa umelala juu yake.

Walishuka mteremko. Mikorosho ilipita, vibanda vya wauza mabibo vikapita. Nyuma Yeremia alikuwa akiimba kitu cha kanisani, akikatishwa na mashimo. Vilima vya mawe vya Masasi vilikuwa vimeanza kuonekana kwa mbali Cuthbert aliposema, macho yakiwa barabarani:

"Mama."

Ukiacha yale maneno aliyoyaambia bonde, hakuwa amemwita bila mjomba tangu makaburini.

"Naam."

"Huo mkanda wa katikati unafunga. Hapo atakaa Huruma. Asubuhi nitampeleka shule, na siku zako za Ndanda tutakuwa sote watatu. Mapajani amekuwa mzito sasa."

Anastasia alitazama dirisha lake. Mbuzi walikuwa wamelala barabarani, gari likawazunguka. Alisubiri kitu kije, furaha au machozi, na hakikuja. Kilichokuja ni kwamba kitasa kilikuwa kikimchoma mbavu, na kwamba kilikuwa kimemchoma muda wote. Akasogea kidogo.

"Na Rose?" aliuliza dirisha. "Anasema nyumba ina bati tayari."

"Dada nilimwambia wakati mnakula. Yale mabati aezekee jiko lake."

"Watakuja hata hivyo. Siku ya tanga."

"Waje. Watakula, watarudi."

Barabara ilikata kona na mzigo wa ming'oko ukateleza mapajani mwake. Anastasia aliushika. Ulikuwa bado wa moto, moto wa kupenya kitenge, akausikia viganjani. Akauweka katikati, mahali pa Theodora, akauvutia mkanda juu yake taratibu bila kuufikia mkono wa mkwe wake, akatafuta kifungo kwa vidole mpaka akakipata. Kikalia ta.

"Isimwagike," alisema.

"Ndiyo, mama," Cuthbert alisema, akashusha gia.