Pointi Sitini za Mwalimu

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Mwalimu alifunga mlango wa chumba chake, akavaa hedfoni, akaingia vitani. Mwenyewe ndivyo alivyosema, kwamba anakwenda vitani. Mkewe alisema anakwenda kucheza na Kitinda, na huo ndio ukweli wenyewe. Kitinda alikuwa binti yao wa sita na wa mwisho, mpima ardhi, aliyehamishwa kikazi mbali mno hata nyumbani akawa wa kuonekana mara moja kwa mwaka. Yeye ndiye aliyemfundisha baba yake mchezo huu wa kompyuta. Kwa saa mbili walitembea pamoja katika misitu isiyokuwepo, wakipigana na mazimwi na kupiga soga, na tangu astaafu Mwalimu hakuwa na starehe iliyomkolea kama hiyo.

Mchezo una taratibu zake. Kila mchezaji ana shujaa wake, na shujaa akipanda daraja hupewa pointi za kukuza ujuzi autakao: upanga, ngao, uponyaji, kupanda miamba, na mwingineo, aina kumi na mbili kwa jumla. Wenye akili zao huchagua aina moja au mbili, wakazikuza mpaka zikomae. Mwalimu, aliyegawa chaki na madaftari kwa miaka thelathini na minne, aligawa sawasawa. Pointi sitini, aina kumi na mbili za ujuzi, tano tano. Hata uvuvi na upishi haukuonewa. Aliitazama safu ile iliyonyooka kama wanafunzi mstarini, roho ikamtulia.

Basi shujaa wake akawa anajua kila kitu na hawezi lolote. Upanga wake uliwawasha adui tu. Dawa yake iliponya mikwaruzo. Katika kundi lao la wanne, Kitinda alikuwa wa upanga, rafiki yake nesi alikuwa mponyaji, fundi umeme mmoja mcheshi alirusha mishale, na Mwalimu alikuwa wa kufa. Walimpenda sana, nao kila baada ya robo saa walirudi nyuma kumfufua.

Jumamosi moja fundi umeme akalitoa lililomkaa rohoni. Siku hiyo walikuwa wapande mlima wa zimwi kuu, na huko hakuna kufufuana. Akiangushwa mmoja, wote wanarudishwa chini. Kwa adabu zote, shikamoo ikitangulia, fundi akapendekeza mzee abaki kulinda mizigo. Nesi akakohoa. Kitinda hakusema neno, na ukimya ule ulimchoma baba yake kuliko pendekezo lenyewe. Alijua wakipanda leo bila yeye, wiki ijayo watakwenda kwingine bila yeye, na saa zake mbili na binti yake ndiyo zimekwisha hivyo.

Akaomba wampe dakika kumi.

Mle mchezoni kulikuwa na bibi mmoja mwenye chungu, ambaye ukimwendea hukufutia pointi zote ukazigawa upya, mara moja tu katika maisha ya shujaa. Mwalimu alikuwa akimpita kila wiki. Leo akamwendea. Sitini zikarudi mkononi, akaanza: upanga tano, ngao tano, uponyaji tano. Akagutuka kwamba anapanga mstari uleule, akajicheka, akazirudisha.

Kisha akausoma ujuzi mmoja ambao hakuna aliyeutaka, kwa kuwa hauna sifa yoyote. Uliitwa Ulinzi. Mwenye nao humchagua mwenzake mmoja, na kila pigo linalomlenga huyo humwangukia yeye mlinzi. Mwalimu akaumiminia pointi zote sitini. Alijisikia mkosaji, kama aliyefukuza shule watoto kumi na mmoja kwa mkupuo. Mchezo ukamwuliza anamlinda nani, ukamwekea majina matatu. Akabonyeza moja.

Walipanda. Zimwi lilikuwa na vichwa vinne na hasira za kutosha vyote, nalo likamwandama Kitinda. Kila lilipompiga, Mwalimu ndiye aliyeyumba, akapiga goti, akainuka tena, huku nesi akimponya na fundi akitupa mishale. Kitinda hakupata hata mkwaruzo. Lilipoanguka, fundi umeme akamwomba mzee radhi kwa kirefu, akasema mizigo atailinda yeye maisha yake yote. Wakaagana kwa vicheko, wawili wakatoka, wakabaki baba na binti juu ya mlima.

"Baba," Kitinda akasema, "ungemlinda nesi. Yeye ndiye dhaifu kuliko sote, na mponyaji akifa tumekwisha. Mchezo mzima watu hufanya hivyo."

"Najua. Nilisoma maelezo."

Sauti ya Kitinda ikalegea. "Nyumbani tulikuwa sita. Hata chungwa ulilihesabu vipande. Sikumbuki siku uliyonichagua mimi peke yangu."

Mwalimu alifurahi kwamba binti yake hamwoni uso. Moyo ulikuwa umemjaa, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kujieleza kwamba alitenda haki.

"Basi ndiyo leo," akasema. "Ila wenzako watano usiwaambie."