Kengele Zikiwa Roma

Bohumil Holub alikata roho asubuhi ya Ijumaa Kuu, na balaa lote lilianzia hapo. Angekufa Jumatano, au angejikaza mpaka Jumatatu, mji mzima wa Vranolice ungemsikia akiondoka. Lakini mzee yule alikuwa mbishi tangu ujana wake, na kufa nako akafa kibishi.

Binti yake, Radka, hakuwepo kando ya kitanda chake. Alikuwa uwanjani, chini ya nguzo ya tauni, akiwaeleza wageni kutoka Brno kwamba watakatifu wale wa mawe walisimamishwa na watu walionusurika na ugonjwa huo, na kwamba malaika wa upande wa kanisa hana pua kwa sababu askari waliopita mwaka wa arobaini na tano walimfanya shabaha. Hiyo ndiyo kazi yake, kuuonyesha mji. Mgeni mmoja akauliza kama mnara wa kengele unapandwa.

"Leo haupandwi," Radka akasema. "Kengele zimekwenda Roma."

Hakumaliza kueleza. Muuguzi aliyemtunza baba yake alikuwa amejitokeza dirishani kwao, ng'ambo ya uwanja, anampungia mkono taratibu, na namna alivyoupunga ilitosha. Radka akawaacha wageni wamesimama palepale, akatimua mbio.

Muuguzi alishafungua dirisha ili roho ipate njia. Radka akasimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo, akamfunga baba yake kidevu kwa kitambaa safi. Alilia, tena kwa sauti, majirani wakasikia. Mara akakumbuka ahadi yake, machozi yakamkauka.

Maana Bohumil alikuwa mpiga kengele. Zile kubwa za zamani zilichukuliwa wakati wa vita zikayeyushwa kuwa mizinga, na za sasa watu walizichangia baadaye. Lakini ile ndogo, kongwe kuliko hata ofisi ya mji, iliachwa kwa kuwa haikustahili kubebwa. Hiyo haina kazi nyingine ila kutangaza kwamba mtu ameondoka. Ikilia, watu husimama popote walipo, wanaume huvua kofia, na anayejua humwambia asiyejua ni nani. Bohumil aliwapigia matajiri na walevi sawasawa. Krismasi iliyopita, kifua kilipoanza kumbana, alimshika binti yake mkono.

"Nisiondoke kimyakimya, Radka. Nimewapigia wote. Na mimi unipigie, siku hiyohiyo."

"Nitakupigia, baba."

Haya, sasa angepigaje? Tangu misa ya Alhamisi Kuu mpaka Jumamosi jioni kengele hazipigwi, kwa kumwomboleza Yesu; husemwa hazipo. Zimeruka Roma, kila mtoto wa Vranolice anajua, na ndiyo maana watoto huzunguka mitaani siku hizo wakizungusha vidude vyao vya mbao vinavyokereza, badala ya kengele. Kugusa kamba ya kengele Ijumaa Kuu ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Akaenda kwa Padri Metod, akamkuta anafagia ngazi za kanisa.

"Ufunguo wa mnara unao wewe," Padri akasema. "Sikuzuii, wala sikuruhusu."

"Padri, na hilo nalo ni jibu?"

"Unataka nikwambie nini, mwanangu? Nilipofika hapa, baba yako ndiye aliyenifundisha sheria hii. Alikuwa mkali kuliko askofu. Kamuulize Hedvika."

Lilipotajwa jina la Hedvika, Radka akanywea.

Hedvika Krejza anauza mikate nyuma ya ofisi ya mji. Miaka mingi nyuma, Radka akiwa bado shule, mume wa Hedvika, Otakar, alianguka kutoka paa la kiwanda cha bia, akafa palepale. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Hedvika alimkimbilia Bohumil, unga ungali mikononi, akamsihi apige kengele, ipigwe mara moja tu, watu wajue. Na Bohumil, jamani, alimjibu nini? "Kengele hazipo, mama. Zifuate Roma." Akafunga mlango. Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, na akina Holub wakawa wananunua mkate mtaa wa mbali.

Radka hakwenda kumuuliza Hedvika. Angeanzaje? Alipanda mnara, mwenyewe. Juu kule palikuwa na baridi na kinyesi cha njiwa. Kamba ya kengele ndogo ilikuwa imefungwa kwenye msumari, fundo la baba yake mwenyewe. Akalifungua. Akaishika kamba kwa mikono miwili.

Akasikia mtu anapanda, anahema, anatukana ngazi. Kikatokeza kichwa chenye kilemba, kisha Hedvika mzima mzima, mikono kiunoni.

"Nilijua uko huku."

"Umekuja kunizuia, Bi Hedvika?"

"Nikuzuie kwani mimi ni Papa? Nimekuja kutazama. Nataka nione kwa macho yangu kama kwa Holub kengele zinarudi mapema."

"Nilimwahidi."

"Una bahati. Mimi sikupata hata nafasi ya kuahidi. Otakar aliondoka, na saa ileile mtu akaja dukani kuniuliza kama mkate wa Pasaka umeiva. Hakuwa anajua, maskini. Angejuaje?" Akajifuta pua kwa ncha ya kilemba. "Basi vuta. Vuta, sitamwambia mtu."

Hakuwa anakejeli, na hilo ndilo lililomchoma Radka zaidi. Kamba ilikuwa mkononi, nyepesi. Alimwona baba yake na kidevu chake kilichofungwa, akimngoja kule nyumbani, na akamwona mwanamke huyu na unga wake mlangoni. Aliona uchungu kwa wote wawili. Akaiachia kamba.

"Baba alikukosea," akasema. "Yeye hakulisema maisha yake yote. Nalisema mimi."

Hedvika akaketi kwenye ngazi.

"Alikuja," akasema mwishowe. "Kesho yake jioni, kengele ziliporudi. Alibisha mlango, kofia mkononi, akaniambia, sasa naweza, nimpigie? Nikamwambia apotelee mbali. Kiburi changu hicho. Ningesema ndiyo, Otakar angepigiwa."

Radka hakuwa amelijua hilo. Alikaa karibu yake, wakatazama paa za mji mpaka baridi ikawafukuza.

Jumamosi jioni, katikati ya misa, kengele zote zikalipuka kwa pamoja, mnara ukatetemeka. Misa ilipokwisha, watu wakatoka kanisani wakikumbatiana na kutakiana heri. Ndipo ile ndogo ikaanza, peke yake. Uwanja ukanyamaza, kofia zikavuliwa.

Juu mnarani, aliyekuwa akivuta kamba alikuwa Hedvika. Radka ndiye aliyemkabidhi. "Otakar kwanza," alimwambia. "Yeye kangoja zaidi."

"Holub huyo?" sauti ikapanda kutoka chini.

Radka akainama dirishani. "Otakar Krejza!" akapaza sauti.

Hakuna aliyeuliza Otakar gani. Wazee waliofanya naye kazi kiwandani wakasogea pamoja chini ya nguzo, vichwa wazi, na mmoja wao akaanza kulia bila kujificha.

Kengele ikatulia. Sasa ilikuwa zamu ya Bohumil. Radka akanyoosha mkono aipokee kamba, lakini Hedvika hakuiachia.

"Huyu niachie mimi," akasema. "Wewe lia."