Kitambaa Chekundu Kwenye Kitasa

Kabla kampuni haijafunga ofisi na kutuambia tufanyie kazi nyumbani, binti yangu alikuwa na domo. Baba yake ndiye aliyemwita Chiriku, maana alianza kuongea kabla hajajua kutembea, na alipojua kutembea akawa anatufuata na maneno yake mpaka bafuni. Majirani walijua tumekula nini na nani kamnunia nani. Nilikuwa nikimwambia, "Chiriku, hebu pumzisha mdomo." Nilikuwa natania.

Kazi yangu ni kupokea simu za watu walionunua majokofu na mashine za kufulia. Mashine ikivuja, jokofu likigoma kugandisha, anayetukanwa ni mimi. Ofisini haikuwa taabu: mteja akikutukana unamgeukia mwenzako, mnacheka mpaka mbavu ziume, unapokea simu inayofuata. Nyumbani nilipewa kompyuta, hedifoni na sheria moja, kwamba mteja asisikie nyumba yangu. Sufuria likianguka, taa nyekundu inawaka pembeni mwa kioo cha kompyuta, na msimamizi anaiona huko aliko. Taa zikizidi, kazi huna.

Basi nikabana meza kati ya kitanda na kabati, nikakata kipande cha pazia kuukuu jekundu. Kitambaa kikining'inia kwenye kitasa, mama yuko hewani: hakuna kubisha, hakuna kuita, hakuna kufungua bomba kwa nguvu. Chiriku alikipenda kama mchezo. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi, akawa anavua viatu nje na kuingia kwake kama mwizi.

Mchezo ukageuka maisha. Tulijifunza kucheka kwa mabega. Tulinong'ona hata siku ambazo kompyuta ilikuwa imezimwa. Watu wananiambia nina bahati, eti nafanya kazi huku mtoto yupo hapo hapo. Hapo hapo wapi? Nyuma ya mlango! Mimi mwenyewe nilianza kuharibika, wala sitalipamba: nilisikia simu zikilia usingizini, niliamka nimechoka, na chumba nilichokuwa nakipenda kikanichukiza mpaka kitanda chake. Jioni moja mume wangu aliingia nikamwambia, "Asante kwa kutupigia, nikusaidie nini?"

Akasimama mlangoni. "Mama Chiriku, nibonyeze ngapi nipate chakula?"

Tukacheka, kwa mabega. Kisha nikalia, nako kwa mabega.

Sasa sikia siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, nazungumza na mama mmoja ambaye mashine yake imejifunga na nguo zote ndani. Katikati ya maelezo mtoto akaangua kilio huko kwake, kile kilio cha kuamsha mtaa. "Samahani dada, mwanangu kaanguka," akasema.

"Mshughulikie kwanza, mama. Mimi nitasubiri. Mtoto kwanza."

Nililisema kwa ile sauti tuliyofundishwa, laini kama siagi. Nikasubiri kweli. Nilimsikia akimbembeleza, pole mwanangu, pole, imekwisha. Aliporudi tukaifungua mashine, akanishukuru sana, akasema laiti wote wangekuwa na moyo kama wangu. Nikavua hedifoni, nikafungua mlango.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani. Alikuwa amerudi kutoka shule akakuta kitambaa kwenye kitasa, akaenda jikoni kunywa maji, na upepo ukaufunga mlango wa chuma wa jikoni kwenye kidole chake. Kidole kilikuwa kimevimba, kucha imekuwa nyeusi. Mdomoni alikuwa ameuma mkono wa sweta yake ya shule, umelowa chapachapa. Akautoa taratibu, akaninong'oneza.

"Mama, sikupiga kelele."

Alikuwa anangoja nimsifu.

Huko zahanati, nesi alikibonyeza kile kidole huku na huku, na mtoto wa darasa la pili akajikaza kisabuni, machozi yanatiririka bila sauti. "Lia, mwanangu," nesi akamwambia. "Ukilia ndipo nitajua panapouma." Chiriku akanigeukia kwanza, kuniomba ruhusa. Nesi akaliona hilo. Akaniuliza, tena mbele yake, "Mama, mtoto huyu anamwogopa nani nyumbani?"

Nilitaka kumrukia. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto, lakini hazikuwa zake, na nilijua ni za nani.

Asubuhi nilikitoa kile kitambaa nikakitia kwenye ndoo ya deki. Nikaufungua mlango wa chumba na kuuzuia kwa tofali. "Kuanzia leo," nikatangaza, "nyumba hii watu wanaongea."

"Na kazi?" mume wangu akauliza.

"Kazi ina masikio. Itatusikia."

Alinitazama, akaona sitanii. Akapiga chafya moja ya kishindo, nadhani alikuwa ameibana tangu mwaka jana. Taa nyekundu ikawaka. Potelea mbali.

Lakini Chiriku yule wa zamani hakurudi. Mlango ulikuwa wazi, redio inaimba, na yeye bado alikuja kwa vidole vya miguu kuninong'oneza sikioni kwamba ana njaa. "Sema kwa nguvu," nilikuwa nikimwambia, naye anatikisa kichwa huku anaitazama kompyuta. Hilo lilinitia hofu kuliko taa zote.

Wiki ile ile msimamizi akanipigia simu ya video, uso kwa uso, nyuma yake picha ya makabati ya vitabu. Akaanza kwa kunivisha kilemba cha ukoka: dada wewe ni nguzo yetu, dada wateja wanakupenda. Ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Taa zangu zimezidi. Kuna kelele nyumbani kwangu.

Mimi masikio yangu ni ya kazi. Nilisikia bomba likidondosha matone kwenye hayo makabati ya vitabu.

"Bosi," nikamwambia, "mbona unanong'ona?"

Akageuka kuutazama mlango. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Niko bafuni. Wife yuko kwenye mkutano, na mtoto tumemlaza."

"Umekaa kwenye nini?"

"Dada, tafadhali."

"Basi waambie wakubwa wako hiyo si kelele. Ni watu wanaishi."

Alijifuta uso, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni kijana tu aliyechoka. "Ikiwaka moja tena sitaweza kukutetea," akasema. "Watakutoa siku hiyo hiyo."

"Usinitetee."

Nilijibu hivyo kwa kifua, lakini usiniulize nililalaje. Mshahara wangu ndio ulikuwa unalipa nyumba, na rangi siku hizi watu wanajipakia wenyewe. Kesho yake niliketi mezani nikiwa nimekaza mgongo. Tofali lilikuwa mahali pake. Mzee mmoja alikuwa hewani, jokofu lake linanguruma, tena analiiga: ngurrr, ngurrr. Taa ilikuwa haijawaka, na nakiri niliitazama kwa jicho la kuisihi.

"Mamaaaaa!"

Ilitokea chooni, ikapita ukumbini, ikagonga kuta zote za nyumba yangu.

"Mama! Karatasi imeishaaaa! Niletee! Mamaaaa!"

Taa ikawaka nyekundu pembeni mwa kioo, na sidhani kama imewahi kuwaka kwa muda mrefu vile, kwa sababu hakunyamaza. Aliita, akanitaja, akalalamika kwa nini nyumba hii watu hawaweki karatasi nyingine, akaapa atamwambia baba. Alikuwa na domo lake lote.

"Huyo ni wako?" mzee akaniuliza.

"Ni wangu," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya siagi. "Subiri, mzee. Mtoto kwanza."

Nikavua hedifoni, nikaiacha taa ikiwaka, nikaenda.